Mnaoripoti Hospitali za Kando ya Ziwa: Aliyonifundisha Baba

Siku ya pili ya matanga ya baba, mzee mmoja mvuvi alinivuta nyuma ya turubai, akafungua vifungo vya shati na kunionyesha tumbo lake. "Kazi ya baba yako hii," akasema, kwa fahari ya mtu anayeonyesha hati ya shamba. Nililitazama lile kovu kwa macho ya kazi, na nikiri tu: lilikuwa kovu baya. Pana, limevutana kama mdomo wa gunia lililofungwa kwa kamba. Mtu wa kazi hii akiliona anajua kidonda kile kilitunga usaha na kupona polepole kutoka chini. Baba angekuwepo angenung'unika. Lakini mzee alikuwa amelibeba tumbo lile miaka thelathini, na ndani yake umo utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, ambao baba aliushona usiku kwa mwanga wa tochi kwa kuwa jenereta lilikuwa limegoma.

Haya ni kwa ajili yenu, wadogo zangu madaktari wapya mnaoripoti wilayani mwezi huu, iwe Sengerema, Magu, Misungwi au ng'ambo huko Ukerewe. Najua wapo waliotarajia Dar es Salaam au Dodoma, na orodha ya vituo ilipotoka wakakaa kimya kwenye kundi la WhatsApp siku nzima. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba ya mtumishi, hatua mia mbili kutoka thieta ya mji mdogo upande wa Busisi. Nililelewa na mpasuaji kabla sijawa mpasuaji. Nimemwona akienda kazini, nimemwona akirudi, na nadhani kurudi ndiko kulikomshinda zaidi.

Kwa makaratasi, baba alikuwa Daktari Msaidizi, AMO kama tunavyowaita. Mafunzo ya kada hiyo nchini yalianza mwaka 1963, wakati madaktari Watanzania walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na kwa miongo mingi hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi wilayani. Alianza kama tabibu kwenye zahanati kisiwani, akarudi shule mtu mzima mwenye watoto wawili, na kisu akakishika Bugando, ile hospitali ya rufaa iliyofunguliwa juu ya kilima jijini Mwanza mwaka 1971 na ambayo taa zake mvuvi anaziona usiku akiwa mbali majini. Nayasema haya mapema kwa sababu namjua mgeni wa shahada, yaani MD. Siku ya kwanza tu anauliza, "Huyu ni MD au AMO?" Ukiuliza hivyo thietani, manesi wamesikia. Wataendelea kukusaidia, hawatakususia kazi, ila yale madogo hawatakuambia: kwamba mashine ya kufyonza hukwama mpaka uipige ubavuni, kwamba kile kisanduku chenye maandishi "nyuzi nene" kina nyuzi nyembamba, kwamba tochi nzima ipo kwenye droo ya tatu. Mimi nililijua la tochi baada ya miezi mitano. Umeme ulikatika nikiwa na kizazi wazi mkononi, na sista akanyoosha mkono kwenye droo bila hata kutazama.

Jambo la kwanza kwa baba lilikuwa hesabu. Kabla ya kufunga tumbo alisimama, mikono juu ya shuka la kijani, akasema, "Hesabu." Nesi akahesabu shashi, vitambaa, sindano, koleo, akasema zimetimia. Baba akasema, "Hesabu tena." Kila mara, hata kwa busha la nusu saa. Nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo. Ukirudi dukani na chenji: "Hesabu tena." Ukisema umemaliza hesabu za shule: "Hesabu tena." Kaka yangu aliwahi kumjibu kwamba yeye si shashi, na hiyo ilikuwa mara moja tu niliyomwona mzee akishindwa kuzuia kicheko mezani.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji: vipengele 19 katika hatua 3, yaani kabla ya kaputi au ganzi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa thietani. Ilijaribiwa kwenye hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, na matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Nilimpelekea baba karatasi hiyo nikidhani nampelekea jambo jipya. Aliisoma kwa miwani yake iliyounganishwa kwa plasta, akafika penye Ifakara, akasema, "Kumbe ya kwetu," kisha akaibandika ukutani kwa plasta ile ile. Kilichomgusa zaidi ni kile kipengele cha watu kutajiana majina kabla ya kuanza. Aliwahi kufanya kazi na msafishaji mmoja wa thieta miaka minne bila kulijua jina lake, na aibu hiyo alikuwa nayo bado.

Mtaikuta karatasi hiyo kwenye mafaili mengi imejazwa vizuri mno, tiki kila kisanduku, na ukiuliza utaambiwa hujazwa mgonjwa akiwa keshafika wodini. Nimeacha kugombana na watu juu ya hili. Nikiwa thietani nasoma kwa sauti, basi, anayetaka kucheka acheke.

Sasa damu, maana hapa ndipo mtakapotetemeka.

Nikiwa mdogo, usiku mmoja tuligongewa mlango. "Hodi Mwalimu, Dokta anaomba upawa." Mama, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi aliyofanya, akautoa upawa wetu wa supu akidhani watu wa zamu wamepika uji. Upawa haukurudi. Miaka mingi baadaye, nikiwa interni, yaani daktari wa mafunzo, muuguzi mstaafu aliyefanya kazi na baba akanimalizia hadithi. Binti wa miaka ishirini hivi alikuwa ameletwa kwa mtumbwi kutoka kisiwani, mimba imetunga nje ya kizazi na imepasuka. Midomo myeupe, tumbo limejaa. Friji ya damu ilikuwa na chupa moja, ya grupu lisilomfaa. Ndugu aliokuja nao walikuwa mama yake mzee na kaka yake, na kaka aliposikia habari za kutolewa damu alikwenda kukojoa na hakuonekana tena.

Wakautia upawa kwenye otoklevu, mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu. Baba akafungua tumbo, mkono mmoja ukabana mrija uliokuwa ukivuja, mwingine ukaanza kuchota. Damu ilimwagwa kupitia shashi iliyokunjwa matabaka manane, ikaingia kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia isigande, ikarudishwa kwa mwenyewe kupitia mshipa wa mkono. Damu ya mtu mwenyewe haina haja ya kulinganishwa grupu, wala haimletei ugonjwa mgeni. Na hiyo ilikuwa miaka ambayo UKIMWI, uliotambuliwa nchini mara ya kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, ulikuwa umeshalizunguka ziwa lote. Yule muuguzi aliniambia kwamba midomo ya binti ilianza kurudi rangi kabla hata ya kushonwa ngozi, na kwamba baba alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaomba maji ya kunywa, akayasahau mkononi.

Msifanye hivyo kwa kuwa mmesoma hapa. Damu lazima iwe mbichi, isiwe na harufu, utumbo usiwe umetoboka. Iliyopasuka siku nyingi haifai. Tafuteni mtu aliyewahi kufanya, msimame ubavuni pake. Mnachoweza kubeba kuanzia leo ni hiki: mgonjwa aliyemwaga damu nyingi msimchome ganzi ya mgongo. Mishipa ya miguu hulegea, shinikizo la damu huporomoka, na atawafia mikononi kabla hamjaanza. Ketamini ndiyo rafiki wa mahali pasipo na mtaalamu wa usingizi, kwa sababu mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe na shinikizo lake halishuki ovyo. Msishtuke tu macho yakibaki wazi. Wengine huimba. Mvuvi mmoja wa dagaa aliwapigia kelele wenzake wavute nyavu tangu tulipokata ngozi mpaka tulipofunga bendeji, na sisi wote mle ndani tukawa tunavuta.

Nikifika hapo nazungumzia vidonda vichafu, kwa sababu ndivyo interni wangu wote wanavyokosea. Mtu ameng'atwa na mamba akitega nyavu kwenye matete, au bodaboda imemburuta kwenye changarawe hadi mfupa umetoka nje. Mgeni anaona nyama imechanika, anaona ndugu wamesimama mlangoni, mkono unamwasha kushona. Usishone. Mdomo wa mamba ni mchafu kuliko unavyodhani, na ukimfungia uchafu ndani umemfungia usaha, au pepopunda. Osha. Baba alikuwa na ndoo maalumu, na mgonjwa wa namna hiyo alioshwa kwa dripu za chumvi chupa baada ya chupa, zikiisha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, mpaka nesi anachoka kushika. Kata nyama iliyokufa, ile isiyotoa damu wala kushtuka ukiibana kwa koleo. Mchome chanjo ya pepopunda. Kisha funika kwa shashi yenye unyevu na ukiache kidonda bila kukishona, urudi siku ya tatu hadi ya tano uone kama pamekuwa pekundu na safi. Hapo ndipo unashona. Ndugu watalalamika kwamba dokta kijana hajui kushona. Kaa chini na uwaeleze, halafu waeleze tena kesho yake, kwa sababu kesho watakuja wengine wapya.

Na kueleza kwenyewe ni kazi. Baba hakuwa Msukuma, lakini asubuhi wodini alianza na "wangaluka mayu" kwa kila mama, akangoja aitikiwe "mhola" kabla ya kugusa faili. Kwa haraka zenu mtaona anapoteza muda. Wakati anangoja, macho yake yalikuwa kazini: anapumuaje, ameshika tumbo upande upi, nani amekaa naye kitandani na nani amesimama mbali akiwa na hela ya matibabu mfukoni. Huyo wa mbali ndiye mwenye uamuzi. Ukimwelewesha mgonjwa ukamwacha huyo, fomu ya ridhaa itasainiwa saa tatu baadaye.

Alikuwa pia akisoma chale. Mgonjwa anakuambia tumbo limeanza jana jioni. Unafunua shuka, unakuta chale kumi na mbili zimepangwa vizuri juu ya kitovu, zimeshakauka na magamba yameanza kubanduka. Hizo si za jana. Tumbo hilo lina siku tano au sita, na limeshapita kwa mganga kabla ya kuja kwako. Vijana wengi hapo huanza kumfokea mama mzima mbele ya wodi. Baba hakufoka hata siku moja. Aliandika kwenye faili "siku 6", akaendelea na kazi. Nilipomuuliza kwa nini hasemi chochote, alinijibu kwamba ukimgombeza leo, mwanawe akiumwa kesho atakuja siku ya kumi.

Kuna hili la mwezi, sijaliona likiandikwa popote. Wavuvi wengi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi za sola. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawaifuati taa, basi watu hupumzika, wanashona nyavu, wanaenda kuona familia. Wavuvi hao hao ndio wenye ngiri, kwa kuvuta kamba na kusukuma mitumbwi tangu utotoni. Ukimpangia mvuvi operesheni ya ngiri kwenye giza, haji. Akija, atatoroka wodini siku ya pili akavute nyavu, na ngiri itarudi. Baba alikuwa na kalenda ukutani yenye vidoti vya wino wa bluu, na kila mtu alidhani ni siku za mishahara. Ngiri zisizo za dharura alizipanga mwanzoni mwa mbalamwezi, mgonjwa akapata siku kadhaa za kupona bila kupoteza riziki. Sasa nina kalenda kama hiyo. Interni wangu mmoja alinicheka, mpaka alipoona kwamba orodha yake ya wiki ya giza ilikuwa na watu tisa na walifika wawili.

Kuhusu rufaa nitakuwa mfupi. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilitaja operesheni tatu ambazo hospitali ya ngazi yenu inapaswa kuzimudu, na mtu azifikie ndani ya saa 2: kufungua tumbo, upasuaji wa uzazi, na kutibu mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Hizo jifunzeni mpaka mzifanye mkiwa na usingizi, maana mtazifanya mkiwa na usingizi. Nyingine nyingi, pelekeni. Mtoto mwenye taya lililovimba ghafla na meno yanayolegea msimng'oe meno. Ile saratani ya Burkitt ipo sana kwenye ukanda huu na hutibika kwa dawa, akiwahi. Anayetapika damu akiwa na bandama kubwa, fikirieni kichocho kilichoharibu ini. Enzi za baba, kumpeleka mgonjwa Mwanza kulimaanisha foleni ya kivuko Busisi, na alijipimia: huyu atafika ng'ambo akiwa hai, huyu hatafika, huyu nimkate hapa hapa. Alikosea mara nyingine, pande zote mbili. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, gari linapita kwa dakika chache. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Aliona nguzo tu. Mnakuja wakati mzuri kuliko wake, ila daraja halimpi mgonjwa dripu. Andika barua ya rufaa kwa mkono wako, piga simu wanakompokea, na mpandishe nesi kwenye ambulensi.

Sasa nyumbani.

Watu husema baba alikuwa baba mwema, na ni kweli, ila wengi wanaosema hivyo walimwona akipita na sisi sokoni Jumapili. Hawakuona sahani yake ikifunikwa kwa sahani nyingine siku nne kwa wiki, ugali ukikauka pembeni. Mama ndiye aliyetulea. Alifundisha madarasa mawili mchana, akasahihisha madaftari usiku, akatuogesha, akapokea wagonjwa waliokuja nyumbani wakidhani nyumba ya Dokta ni tawi la hospitali, na akautoa upawa wake. Mkipanga kuwa madaktari wa namna ya baba, kaeni chini na wenzi wenu mjue nani atalipa. Baba alilijua hilo. Alipostaafu alianza kumpikia mama chai ya asubuhi na kumpelekea kitandani, kila siku hadi mwisho, na mama alikuwa akisema chai yenyewe mbaya.

Lakini muda mchache aliokuwa nao aliutumia wote. Nilijifunza kufunga fundo la upasuaji kwa mkono mmoja nikiwa na miaka kumi, kwenye sikio la chupa ya chai, kwa uzi wa nailoni wa nyavu. Yeye alifunga upande wake, mimi wangu, mashindano, na chupa ikaota ndevu za nailoni. Mara mbili kwa mwaka alitupanga mstari kwa ajili ya vidonge vya kichocho. Alikuwa ametukataza kuoga ziwani, akatueleza konokono na vijidudu vinavyopenya ngozi, akatuchorea kabisa, nasi tukaelewa vizuri na tukaendelea kuoga. Hakupiga kelele. Alitupima kwenye mizani ya wodi ya watoto, miligramu 40 kwa kila kilo, na mimi wa kilo 30 nikapata vidonge viwili vya miligramu 600, vichungu ajabu, vya kumezwa baada ya kula la sivyo unatapika. Kaka aliwahi kuongezwa nusu kidonge. Baba alimtazama akasema, "Wewe umenenepa. Maji ya ziwa yanakupenda."

Na kitu kimoja ambacho nawaomba mkichukue kama kilivyo. Akiitwa usiku, hakutuambia "narudi sasa hivi." Watoto wa madaktari wote wanaijua hiyo "sasa hivi." Yeye aliinama mlangoni, gambuti mkononi, akasema, "Naenda. Sijui nitarudi saa ngapi." Tukalala. Aliporudi alipita chumbani kwetu, ananukia spiriti na sabuni ya mche, akagusa mguu wa kila mmoja juu ya blanketi, watoto watatu, halafu nilimsikia akirudia tena kuanzia mwanzo. Mwanangu ana miaka sita sasa. Juzi nilimwambia narudi sasa hivi, nikarudi saa tisa usiku, nikamkuta kalala kwenye kochi na viatu vyake.

Namalizia na kosa langu, kwa kuwa mtafanya yenu na si vizuri mdhani ni ninyi wa kwanza.

Mwaka wangu wa pili, hospitali sitaitaja, nilimfanyia upasuaji wa uzazi dada mmoja, mimba ya kwanza. Mtoto alilia vizuri. Saa mbili usiku mapigo ya moyo yalikuwa 92. Nikaenda kula na kulala. Saa nne nikapiga simu wodini, nikaambiwa anaendelea vizuri, presha 110 kwa 70. Nesi hakunidanganya, alikuwa peke yake na wodi nzima, na presha ilikuwa kweli 110 kwa 70. Mapigo yalikuwa yameandikwa pale kwenye karatasi, 108, na mimi sikuuliza. Mtu mwenye umri mdogo huishikilia presha yake kwa nguvu zote huku moyo ukikimbia, hadi anapoachia mara moja. Saa sita yalikuwa 126. Saa saba nikaamshwa. Tulipofungua tena, pembe moja ya kidonda cha kizazi ilikuwa ikivuja tangu jioni. Daktari mwenzangu mkubwa alikuja, tukahangaika, na mwishowe tukakiondoa kizazi ili abaki hai. Alibaki hai. Ana mtoto mmoja na hatapata mwingine, kwa sababu sikutembea hatua mia mbili.

Nilimpigia baba alfajiri. Nilitegemea anibembeleze. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Anaishi wapi?"

"Hapa hapa mjini, baba. Anauza nyanya sokoni."

"Basi hapo ndipo utakaponunua nyanya."

"Baba, sitaweza."

"Wewe huli nyanya?"

Nilimweleza yule dada yote akiwa bado wodini, mumewe na mama mkwe wakiwepo, bila kuficha ile saa nne. Mama mkwe alitoka nje. Mume aliuliza maswali mawili, nikajibu. Dada mwenyewe hakusema kitu, alikuwa akimtazama mtoto. Baada ya miezi mitatu nikaenda sokoni. Mara ya kwanza alinipimia bila kuinua macho. Kama mwezi wa tano hivi alisema, "Za kazi, Dokta," na akaniwekea nyanya mbili za nyongeza. Nilizirudisha kwenye fungu. Akazichukua akazirudisha kwenye mfuko wangu, na watu walikuwa wakitutazama, nikaziacha.

Miaka tisa nanunua pale. Mtoto wake yuko darasa la tatu, na Jumamosi husaidia mezani. Wiki iliyopita nilimpa elfu tano, akapekua kwenye kopo, akanipa chenji huku akimtazama mbwa aliyepita. Ilikuwa pungufu, mia mbili. Kabla sijafungua mdomo, mama yake, akiwa amenipa mgongo, anapanga vitunguu, akamwambia, "Hesabu tena."